Jinzi Isiyochafua Maji

Bi. Nagase, yule dada wa kampuni ya mazishi, alikuwa na sauti ya upole iliyofunzwa kazini, na kwa sauti hiyohiyo alieleza kwamba jenezani haviruhusiwi vitu vya chuma, vya plastiki wala vya ngozi. Chuma huharibu tanuri la kuchomea maiti, plastiki huchafua hewa, na mji siku hizi umekuwa mkali kwa mambo hayo. Aliyasema akiwa amepiga magoti mkekani, kichwa kimeinama, mikono juu ya mapaja. Kisha akauliza kama kuna kitu ambacho marehemu alikipenda na familia ingetaka aende nacho.

"Jinzi," alisema Hatsumi, binti wa marehemu.

Bi. Nagase aliinua kichwa. Alizaliwa papa hapa Kojima, mji wa washona jinzi wa Japani, na mtoto wa Kojima haelezwi jinzi ina nini ndani yake. Ina zipu ya shaba, kifungo cha chuma, ribiti, vile vijimisumari bapa vya shaba, kila pembe ya mfuko, kipande cha ngozi kiunoni, na uzi wenyewe nusu yake ni plastiki. Ukiviondoa vyote hivyo, suruali inakuangukia mkononi vipandevipande.

"Basi itabidi mchague vizuri," alisema, kwa upole uleule. "Mkiipata kabla ya mtawa wa kumwombea kufika jioni, tutamlaza nayo."

Wazo hilo la jinzi aliliacha marehemu mwenyewe. Mzee Tokuji alipokuwa hospitalini, mwili umekwisha lakini ulimi ungali mkali, alimwambia Hatsumi wasimpeleke na kanzu nyeupe peke yake. "Mtu nimeshona suruali maisha yangu yote, nifike huko sina suruali?" Hatsumi alicheka, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachia aliongeza, safari hii bila mzaha, kwamba watafute ile isiyomchafulia mtu hewa wala maji. Alisema yeye ameshachafua ya kutosha.

Mama yake, Matsue, aliyasikia yote ya Bi. Nagase akiwa jikoni anamenya figili kwa ajili ya wageni wa mkesha. Hatsumi alipomfuata kumwuliza shauri, hakugeuka. Alisema wafanye watakavyo, yeye jinzi haijui.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake miaka nenda miaka rudi. Katika mji ambao hata vikongwe hujifunga aproni za jinzi, na mabenchi ya stesheni yamepakwa rangi yake, Matsue hakuivaa, hakuifua, hakuigusa. Za mumewe alizifua mumewe. Mtu akimwuliza sababu alijibu neno moja, "Maji," kisha akazungumzia hali ya hewa.

Hatsumi alipanda ghorofani, kwenye karakana ya baba yake. Mdogo wake, Katsuya, alimfuata nyuma akipiga chafya. Alikuwa ameingia asubuhi kutoka Osaka, anakouza viyoyozi, na suti yake nyeusi ilikuwa imeshakusanya pamba za nyuzi kila mahali. Chumba kilinuka nili, ile rangi ya buluu ya jinzi. Harufu ya nili ya kuchachushwa si nzuri hata kidogo, ni ya majani yaliyooza na majivu, na zizi la ng'ombe kwa mbali. Hatsumi aliivuta ndani kwa nguvu, akasikia machozi yanamlenga.

Jinzi za baba yao zilitundikwa kwenye mwanzi mmoja mrefu, za zamani dirishani na za karibuni mlangoni. Katsuya alianza na za dirishani. Aliishika ya kwanza akaipima uzito mkononi.

"Hii ina chuma kuliko baiskeli yangu," alisema.

Ilikuwa ile aliyoivaa siku aliyokwenda kuposa. Hadithi yake waliijua kwa moyo. Babu yao mzaa mama alikuwa mkulima wa mwani kule ghubani, mtu wa maneno machache, na alipomwona kijana mlangoni amevaa suruali ya kazi aliuliza kama amekuja kutengeneza paa. Tokuji alijibu kwamba amekuja kuomba binti, lakini kama paa linavuja anaweza kulitazama. Alilitazama kweli, akaliziba, akaambulia binti. Mama yao aliisimulia hadithi hiyo vizuri sana wakati wao wakiwa wadogo, kabla hajaacha kuisimulia.

Ya pili ilikuwa ya ile miaka ya jinzi zilizopauka. Nchi nzima ilishikwa na wazimu wa kutaka nguo mpya iliyochakaa, na Tokuji, ambaye hakuwa mjinga, alinunua mashine kubwa za kufulia akazipanga chini. Jinzi ziliingizwa na mawe mepesi na dawa ya kupausha, zikazungushwa kutwa. Ndizo zilizowasomesha. Hatsumi alilala kwa sauti ya mawe yale ukutani utoto wake wote, na mpaka leo akikosa usingizi huwa anayatamani. Mfereji wa nyuma ya nyumba ulikuwa unaamka buluu. Si buluu ya mbingu, buluu hasa, ya wino. Yeye na Katsuya walichovya vijiti wakachora samaki kwenye ukuta wa jirani, wakapigwa, wakarudi kesho yake wakachora tena.

"Ulikuwa mzuri ule mfereji," alisema Katsuya.

"Ulikuwa mzuri," Hatsumi alikubali, ingawa alijua haifai kusema hivyo katika nyumba hii.

Kwa sababu mfereji haukuishia ukutani. Ulikwenda zake mpaka ghubani, palipokuwa na nyavu za mwani za babu. Kipupwe kimoja mwani ulitoka umepauka na una harufu, wanunuzi wakaunusa wakaenda zao. Hakuna aliyethibitisha kitu. Karakana zilikuwa nyingi na mifereji mingi, na babu hakumwambia mkwewe neno baya hata moja. Alikunywa chai yake, akauza nyavu, akaenda kupakua makasha bandarini akiwa mtu mzima wa kuheshimika. Aliyesema ni Matsue. Alirudi kutoka kwao siku hiyo, akafungua aproni ya jinzi aliyokuwa amejifunga, akaikunja, akaiweka juu ya meza ya kukatia mbele ya wateja. Akamwambia mumewe hatavaa tena nguo inayofuliwa kwa maji ya baba yake. Majirani walisema kikulacho ki nguoni mwako, wakacheka, kisha wakanyamaza walipoona miaka inapita na mwanamke hajarudi nyuma.

Yaliyofuata Hatsumi aliyaona kwa macho yake, maana yeye alibaki Kojima, akawa mkataji vitambaa katika kiwanda kidogo cha ng'ambo ya barabara. Watoto walipomaliza shule, Tokuji aliuza mashine kwa bei ya chuma chakavu, akachimbia mapipa manne kwenye sakafu ya chini, akaenda Tokushima, kunakolimwa nili, kuwa mwanafunzi wa nili mvi zimeshamjaa. Nili ya majani ina roho kama mtoto mchanga. Inalishwa pumba na maji ya majivu, inanyweshwa sake, ile pombe ya mchele, ikipata baridi inakufa. Ya kwanza ilimfia, na ya pili, na nyingine nyingi. Aliionja kwa ulimi kujua kama imeiva, akaketi mezani jioni na ulimi wa buluu. Mama yao alimwambia Katsuya kwa simu kwamba baba yao ameoa, bi mdogo yuko karakana, na kila jioni ananyweshwa sake kabla ya watu. Masalio ya mapipa Tokuji aliyamwaga kwenye bustani ya mboga, na figili zikaota nene kama mapaja ya wapiga mieleka. Matsue alizing'oa, akazipika, wala hakuzisifu.

"Dada, njoo uone," aliita Katsuya.

Alikuwa amefika mwisho wa mwanzi na hakupata kitu. Zote zilikuwa na chuma. Hata ile suruali kuukuu ya kazi, yenye viraka juu ya viraka, ambayo mzee aliishona mwenyewe kwa mkono na uzi wa pamba mpaka ikasahau kitambaa chake cha kwanza, ilikuwa na ribiti zote. Alichokiona kilikuwa juu ya rafu, kimefungwa kwa karatasi nyeupe.

Walikifungua juu ya meza. Ilikuwa jinzi mpya, buluu iliyokolea karibu na weusi, ngumu kama ubao. Hatsumi aliipitia kwa vidole. Vifungo vilikuwa vya mti. Penye ribiti pamewekwa mishono ya uzi iliyobanana. Uzi ulikuwa wa pamba, ukachovywa nili hiyohiyo. Hakukuwa na zipu, wala ngozi, wala tone la plastiki. Pembezoni kitambaa kilikuwa na upindo ule mweupe wa mitambo ya kufumia ya zamani. Hajawahi kuona jinzi safi namna ile, na yeye anazikata kila siku.

"Mzee alijiandalia," alisema Katsuya. Kwa mara ya kwanza tangu ateremke kwenye treni alitoa kitambaa akafuta macho.

Waliishusha chini. Bi. Nagase aliikagua mshono kwa mshono, akainama, akasema ndivyo inavyotakiwa, hajapata kuona familia iliyochagua vizuri hivi. Matsue alitoka jikoni kwa sababu aliitwa. Aliitazama jinzi ile na uso wake ukajifunga.

"Hiyo naifahamu," alisema. "Ni yake. Mpeni aende nayo."

Tokuji alikuwa amelala na kanzu yake nyeupe, miguu imenyooka. Suruali haivishwi tena mtu wa namna hiyo, hulazwa tu juu yake. Hatsumi na Katsuya walishika ncha mbili mbili wakailaza, kiuno juu ya kiuno, na pindo la chini likafika kwenye vifundo vya miguu, palepale.

"Imemkaa barabara," alisema Katsuya.

Hatsumi alikuwa amekwisha kuachia ncha yake. Akaishika tena. Akapiga shubiri kutoka kiunoni mpaka pindoni, akakunja uso, akapiga tena. Kitambaa kile hakijaona maji. Kitambaa kibichi kikiona maji kinarudi, na urefu wa mguu unapungua vidole vinne vizima. Hilo mtoto wa Kojima hulijua kabla ya kujua kusoma. Mtu wa hapa hakati jinzi mbichi ikamkaa siku hiyohiyo, huikata imzidi, aburuze pindo mpaka itakapooshwa. Na baba yake, aliyemfokea akiwa na miaka kumi na tatu kwa kusahau vidole vinne hivyohivyo, ndiye angekosea?

"Si yake," alisema.

"Dada, unaiona imemkaa."

"Ndiyo maana nakwambia si yake. Ikioshwa itampanda juu ya kifundo."

"Marehemu haendi kuogelea," alisema Katsuya kwa uchovu. "Imemkaa, haina chuma, na mwenyewe aliiomba. Tusimsumbue zaidi."

Hatsumi alikuwa akitazama nyonga za suruali ile, jinsi zilivyokatwa kwa mviringo, na baba yake alikuwa mtu mkavu kama fimbo ya mwanzi. Akaiondoa juu ya marehemu. Bi. Nagase alitazama pembeni kama mtu aliyezoea familia kugombana juu ya jeneza. Hatsumi alikwenda na suruali mkononi hadi alipokuwa amesimama mama yake.

"Mama, simama wima."

"Usinishike na hiyo."

"Simama tu, Mama. Nakuomba."

Matsue alisimama, labda kwa sababu hakuwa na nguvu za kubishana siku hiyo. Hatsumi alipiga magoti akamwekea kiunoni juu ya nguo nyeusi. Pindo liliburuza mkekani. Akalikunja vidole vinne, likakaa juu ya kifundo cha mama yake, sawasawa na anavyopenda sketi zake. Kiuno kikikazika na maji kitamfunga vizuri, na nyonga zilikuwa zake, hapakuwa na ubishi.

"Mama, hii ni yako. Baba alikukatia wewe."

Matsue aliitazama suruali kiunoni mwake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Hatsumi alikaa pale chini akiungoja mshindo, akiogopa.

"Aliiweka sandukuni mwangu," alisema Matsue mwishowe. "Mwaka jana, majani yalipokuwa yanaanguka. Nimefungua kutoa kimono, naikuta imelala juu. Nikaona ndefu. Nikajua ni yake, amekosea sanduku, au ananifanyia makusudi. Nikaibeba kwa kitambaa nisiiguse, nikamrudishia juu ya meza yake."

"Alisemaje?"

"Hakusema kitu. Aliitazama, akaifunga kwenye karatasi. Nami sikusema kitu." Alishika pindo lililokunjwa, kwa ncha za vidole, kisha kwa kiganja kizima. "Mimi hayo ya kurudi nitayajulia wapi? Kwa nini hakunambia itarudi?"

Hatsumi alijua jibu, lakini halisemeki mbele ya mjane. Mzee wake aliishi na watu wanaolijua jambo lile la kitambaa kurudi kama wanavyolijua jina lao, hata akasahau kwamba mkewe aliamua zamani kutojua lolote. Alidhani amekataliwa. Alidhani amejibiwa, miaka yote ile ya mapipa yaliyomfia amejibiwa, akapokea jibu lake kwa adabu. Hatsumi alimwonea huruma mpaka akamkasirikia.

Bi. Nagase alikohoa kidogo, akauliza kwa upole basi marehemu aende na nini.

"Ile kuukuu," alisema Matsue. "Ya viraka. Ileteni, na koleo, na mkasi mdogo."

Katsuya aliileta mbio. Matsue aliketi karibu na jeneza akaiweka mapajani, yeye ambaye mpaka siku hiyo mikono yake haikugusa nguo ya namna ile tangu baba yake auze nyavu, akaanza kuitoa chuma. Ribiti zilikuwa ngumu, akamwita Katsuya azibane kwa koleo naye akate uzi kuzizunguka. Akang'oa zipu. Akabandua ngozi ya kiunoni. Akawa anavisema viraka alipovifikia, kwamba hiki amekishona vibaya, na hiki vibaya zaidi, mwanamume ameshonea dunia nzima suruali lakini goti lake mwenyewe limemshinda. Kimoja kilimuudhi hasa, akaomba sindano na uzi wa pamba, akakifumua, akakishona upya. Bi. Nagase alimsubiri. Mtawa aliwasili, naye akasubiri, akapewa chai. Mshono wa mwisho ulipofungwa, Matsue aliilaza suruali juu ya miguu ya mumewe kwa mikono yake, akainyoosha, akasema haitamchafulia mtu kitu.

Kesho yake walimsindikiza tanurini, wakaokota mifupa kwa vijiti kama inavyopasa, wakarudi nyumbani na chungu cha mifupa kilichofungwa kwa kitambaa cheupe. Jua lilikuwa bado juu. Katsuya alilala mkekani na suti yake. Hatsumi alikuwa anaosha vikombe aliposikia maji yanafunguliwa bafuni, na baada ya kitambo mama yake akamwita.

Matsue alikuwa ameketi ndani ya birika la kuogea, maji yamemfika kifuani, amevaa fulana nyeupe na ile jinzi. Ndivyo watu wa Kojima wanavyofanya na jinzi mbichi, unaingia nayo majini ikurudie mwilini, ishike umbo lako na si la mwingine. Hatsumi alifanya hivyo akiwa msichana, na mji mzima ulifanya hivyo. Mama yake hakuwahi.

"Njoo uniambie hii ni rangi gani," alisema. "Macho yangu siyaamini."

Hatsumi aliinama. Nili ya majani ikikolea vizuri haitoi buluu yake ovyo. Inatoa uchafu wa majivu kwanza. Maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, na miguu ya mama yake ilionekana mpaka vidoleni.

"Ya chai," alisema.

"Basi naona vizuri."

Matsue alipitisha mkono majini, akayachota, akayaacha yapite kati ya vidole. Midomo ilimchezacheza. Alisema angeivaa. Alisema Tokuji angemwambia tu neno moja, au angalau angegombana naye kama watu, angeivaa siku ileile na angekwenda nayo sokoni watu wamwone. Kisha akalia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia mbele ya mtawa wala mbele ya tanuri, na Hatsumi alikaa kwenye sakafu yenye maji akamshika bega.

Alipotulia alijifuta uso kwa maji yaleyale.

"Mtu anakaa humu mpaka lini?"

"Mpaka maji yapoe, Mama. Yakipoa imekwisha kurudi, unatoka."

Matsue aliitazama suruali yake, akaegemea nyuma.

"Fungulia ya moto," alisema.

Hatsumi akafungulia.